Tupeane uzoefu: mliowahi kukanyaga baiskeli kuchangia afya ya watoto

Mkanyagaji wa Jinja
Ndugu zangu, tumemaliza msafara wetu wa baiskeli kutoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi, kuchangia watoto wenye vichwa maji, yaani ugonjwa wa maji kujaa kichwani. Msitu wa Mabira ulitutoa jasho, malori ya miwa yakipita karibu na bega, lakini tumefika wote salama. Tulipokuwa tukinywa maji Lugazi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisoma maandishi ya fulana zetu, akauliza: "Na nauli mnachangia?" Mtoto wake amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Mrija ukiziba anatakiwa kufika hospitali haraka, hakuna kungoja kesho. Mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna madaktari walioendeleza upasuaji wa kamera ndogo unaowawezesha watoto wengi kuishi bila mrija, na kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini Mbale kwenyewe lazima ufike. Swali lile limenikaa moyoni. Nyinyi mliona nini njiani, na pesa mlizielekeza wapi?

Dada wa Masaka
Hongereni. Sisi tulivuka ikweta pale Kayabwe jua likiwa utosini. Ada za hospitali za serikali zilifutwa 2001, ila mama anayelala na mtoto wodini bado anahangaikia chakula na sabuni. Fungu letu kubwa lilikwenda kwenye posho, yaani ugali, na maharage. Wapo waliotaka tununue kitu cha kupigia picha. Nilikataa, na leo ningekataa tena.

Mwana Lira
Kwetu msafara ulikuwa wa kukumbusha chanjo ya malaria, iliyozinduliwa wilayani Apac Aprili 2025. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 8, halafu 18. Hiyo ya mwisho ndiyo nilikuwa naihofia, maana mtoto keshaanza kukimbia na mama yuko shambani. Kila soko tulisimama tukauliza kadi za watoto.

Mzee wa Tororo
Wanangu, bodaboda ilianzia huku mpakani Busia kwa baiskeli, kabla ya pikipiki kujaa. Kwa hiyo tulipopanga msafara wa kwenda Mbale niliwaalika vijana wa stendi. Walikuja na baiskeli zao nzito zisizo na gia, kiti cha nyuma kimeshonewa godoro dogo, na kilimani waliwapita wenye baiskeli za mashindano. Mmoja alinionyesha kamba ya mpira anayomfungia mama kiunoni usiku, asije akaanguka huku amekumbatia mtoto mwenye degedege. Abiria wengi hawamlipi hadi wavune. Nilisikia uchungu. Huyu ndiye gari la wagonjwa la kijiji, na hakuna aliyewahi kumchangia hata tairi. Tukatenga sehemu ya mchango kwa ajili yao.

Mkanyagaji wa Jinja
Mzee, asante sana. Mnawalipaje bila pesa kupotelea njiani?

Mzee wa Tororo
Muuguzi wa kituo cha afya anaandika kwenye daftari kijiji alikotoka mtoto, saa aliyofika na namba ya kijana aliyemleta. Jioni mweka hazina anapigiwa, anatuma kwa simu. Ijumaa mama wawili wa kijiji wanalikagua daftari. Wanaume tuliwaondoa kwenye ukaguzi, na tangu hapo hakuna ugomvi. Matairi na breki tunanunua sisi wenyewe kwa fundi wa sokoni, hatutoi fedha taslimu.