Mrejesho: mparachichi uliotafunwa gome na mbuzi

Ndugu zangu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliomba ushauri: mbuzi alitafuna gome la mparachichi wangu hapa Moshi, karibu nusu ya mzunguko wa shina, nami nilikuwa nimeshakoroga saruji ya kuziba. Asanteni mno mlionizuia! Nilichonga kingo zilizochanika kwa kisu kikali nilichokipangusa spiriti, mpaka nikafika kwenye gome zima, nikaacha kidonda wazi kikauke. Matandazo nimeyasogeza mbali na shina.

Sasa gome jipya linavimba pembeni kama mdomo, upana wa kidole kila upande. Gome lililosalia ndilo linalopeleka chakula cha majani mizizini, kwa hiyo mti nimeuzungushia seng'enge. Umechipua! Nimefurahi sana, maana aliupanda marehemu mama.