Jumapili: I-35, Wyoming na theluji ya Aprili
Kikundi: Ukoo Marekani

Asha (Oklahoma City): Shikamoo mjomba. Jumapili tunashuka Dallas kwa barabara kuu ya I-35, na watoto. Hewa inasemaje?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Tokeni asubuhi. Mgandamizo mdogo wa hewa unashuka toka milima ya Rockies. Mbele yake upepo wa kusini unawaletea unyevu wa Ghuba ya Mexico, magharibi inasukuma hewa kavu. Vikikutana na joto la alasiri, mawingu yanalipuka. Saa mbaya ni saa 10 jioni hadi saa 3 usiku.

Asha: Ila ramani ya utabiri wa dhoruba inasema tonado asilimia 10 tu.

Mjomba Hamisi: Hiyo "tu" itoe. Ni uwezekano wa tonado ndani ya maili 25 kutoka ulipo. Kwa tonado hicho ni kiwango kikubwa. Tazama rangi za hatari kwenye ramani ya kituo cha utabiri wa dhoruba cha Norman: njano ni kiwango cha 2, chungwa 3, nyekundu 4. Kuanzia chungwa, jioni msiwe njiani. Ramani mpya hutoka saa 2 asubuhi, isome kabla ya kufunga mlango.

Asha: Ikitukuta, tujifiche chini ya daraja?

Mjomba Hamisi: Hapana kabisa! Upepo ukibanwa pale unaongeza kasi, na vinavyoruka navyo vinapita humo humo. Tokeni barabara kuu, ingieni jengo imara, chumba cha ndani cha chini, mbali na madirisha.

Juma (lori): Na mimi je? Salt Lake City hadi Denver, I-80, trela tupu.

Dada Zuhura (Cheyenne): Tupu?? Elk Mountain, kati ya Rawlins na Laramie, trela tupu ni tanga la jahazi. Wyoming wakiona upepo mkali huzuia malori mepesi, mazito yanapita. Soma uzito uliotangazwa siku hiyo.

Juma: Basi nipite I-70.

Dada Zuhura: Unakimbia upepo unaangukia theluji. Huko Colorado, kati ya Dotsero na Morrison, lori lazima libebe minyororo ya matairi hadi Mei 31, hata jua likiwaka. Denver mvua, handaki la Eisenhower theluji, maana liko juu ya mita 3,300. Wakitangaza kufunga minyororo, ni matairi manne ya kuvuta. Ukishafunga nenda kama maili moja, simama, kaza tena. Ikilegea inachapa mabomba ya breki.

Mama Salma (Minneapolis): Sisi wa baridi mmetusahau 😂

Mjomba Hamisi: Kwenu mvua Jumapili, usiku nyuzi zinashuka chini ya sifuri. Jumatatu alfajiri ogopa madaraja: yanapigwa baridi juu na chini, yanaganda kabla ya lami nyingine. Usikanyage breki juu yake.

Asha: Tunatoka saa 2 na nusu.

Juma: Dispacha, mpangaji wa safari zetu, kakubali. Nangoja hadi upepo utulie, na ananitafutia mzigo wa kurudi nao.

Dada Zuhura: Uwe mzito.