MREJESHO: Mbunge wetu na kodi ya petroli ya boti

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niliwauliza tumfikie vipi mbunge wetu kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya petroli, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na Sheria ya Fedha ya 2023. Huku Lamu mvuvi wa Kizingitini, mwanafunzi, mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, wote wategemea boti.

Yule kati yenu aliyenijibu kwamba tusiende na malalamiko matupu, Mungu ambariki. Wazee wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, walikaa na manahodha wakaandika jinsi mafuta ya safari moja yanavyokula pato la samaki. Mbunge alitupokea, na hesabu hizo ndizo zilizomfanya aache kutuelekeza kwa kaunti, maana VAT hupitishwa na Bunge la Taifa. Ameahidi kulisema.

Ahadi ya mdomo hainitoshi, nasema wazi. Sasa tunaandika ombi rasmi kwa Bunge, haki tuliyopewa na Kifungu cha 119 cha Katiba. Saini zinakusanywa Faza na Mkunguni. Akina mama wauza samaki ndio waliotangulia. Aliyewahi kuandika ombi kama hili anisaidie kulipitia kabla halijaenda kwa Karani wa Bunge.