Naombeni ushauri: Paris wiki moja na familia, Disneyland na majumba ya kale vyote viingie

Mama Watatu

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisaidie maana mimi na baba watoto tumefika mahali hatuelewani kabisa kuhusu ratiba. Mwakani katikati ya mwezi wa sita tunataka kwenda Paris wiki moja, tuko sita, yaani mimi, mume wangu, mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, binti wa miaka 14, kijana wa miaka 9 na kadogo ka miaka 4.

Sasa ishu ni hii. Binti anapenda historia kupita kiasi, kashaandika orodha yake, kasri la Versailles, makumbusho ya Louvre, kanisa la Notre-Dame, na mengine hata mimi siyajui. Kijana anachotaka ni rola kosta basi. Kadogo kenyewe popote kapo sawa mradi kasichoke. Baba yao anasema tukishuka tu kwenye ndege twende moja kwa moja Disneyland maana iko karibu na uwanja wa ndege, siku mbili tatu watoto wakate kiu halafu ndio tuingie mjini kwenye mambo ya historia, mimi moyo unakataa ila sina sababu ya maana ya kumpa. Na mama mkwe sitaki awe mtu wa kukaa kwenye benchi anatusubiri kila siku, ni safari yake pia na ameingojea sana.

Walioenda na watoto mlipangaje? Tukae hoteli moja au tuhame? Natanguliza shukrani.

Kiguu na Njia

Dada moyo wako uko sahihi, Disneyland weka mwisho. Mtoto wa miaka 9 akishatoka kwenye rola kosta siku mbili mfululizo halafu kesho yake umpeleke kwenye kasri asimame kuangalia dari, hapo umempoteza na atawaharibia wote siku. Ila akijua rola kosta ipo mbele anavumilia na wakati mwingine anapenda kweli anachokiona.

Halafu kuna sababu nyingine kubwa zaidi ambayo watu wengi hawaitazami, siku za kufungwa. Versailles inafungwa Jumatatu. Louvre inafungwa Jumanne. Makumbusho ya Musée d'Orsay nayo Jumatatu. Kwa hiyo ukienda Versailles siku ya Jumanne unakutana na wale wote waliokosa Louvre siku hiyo, na ukienda Louvre Jumatatu unakutana na waliokosa Versailles na Orsay. Sasa mwezi wa sita shule za Ufaransa bado zinaendelea, hawafungi mpaka mwanzoni mwa mwezi wa saba, na watoto wengi wa shule za msingi kule Jumatano hawaendi darasani, ndio maana Jumatano na wikiendi Disneyland inajaa. Ukiunganisha hayo yote ratiba inajipanga yenyewe: fikeni Jumatano, majumba ya kale Alhamisi mpaka Jumapili, Disneyland Jumatatu na Jumanne, Jumatano mnaondoka. Kila mahali mnakuwa siku yake.

Na mwambie shemeji asihofu umbali, kutoka stesheni ya Marne-la-Vallée Chessy ambayo iko mlangoni kabisa mwa Disneyland kuna TGV, yaani treni ya mwendo kasi, inafika uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kwa dakika kama 10 tu. Hoja yake ya ukaribu na uwanja inafanya kazi vilevile siku ya kuondoka, na siku ya kuondoka ndio mna haraka zaidi.

Mzee wa Bajeti

Naunga mkono Jumatatu na Jumanne. Naongezea upande wa hela maana hapa familia nyingi zinashtuka. Disneyland mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure, 3 mpaka 11 analipa ya mtoto, kuanzia 12 ni mtu mzima. Kwa hiyo binti yako anahesabiwa mtu mzima. Lakini Louvre na Versailles wote walio chini ya miaka 18 wanaingia bure, watoto wako wote watatu hawalipi kitu, mnalipa watu wazima tu. Ila bure haimaanishi uende tu, Louvre hata anayeingia bure anatakiwa kubuku saa yake mtandaoni, msipofanya hivyo mnaweza kurudishwa mlangoni. Notre-Dame kuingia ni bure kwa kila mtu, ilifunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2024 baada ya ule moto wa Aprili 2019, na binti atapenda kuona mawe yalivyosafishwa mpaka yamekuwa meupe.

Jambo la kufanya leo leo: pima urefu wa watoto. Kwenye rola kosta zao, Big Thunder Mountain wanataka sentimita 102, Crush's Coaster 107, Hyperspace Mountain 120. Kijana wa miaka 9 kwa kawaida anapita zote hizo. Huyo wa miaka 4 anaweza kuwa hapo hapo kwenye mpaka wa 102 na akikataliwa baada ya kupanga foleni nusu saa mtalia naye, bora mjue mapema. Na kuna huduma yao inaitwa Baby Switch, mzazi mmoja anapanda na wakubwa mwingine anabaki na mdogo, halafu wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Mwezi mzima wa kubishana na mwenzio nani apande na nani abaki umeisha hapo.

Ua la Asubuhi

Mimi naomba nimzungumzie mama mkwe kwa sababu nyuzi za namna hii bibi huwa anasahaulika mpaka mwisho.

Mpenzi, metro ya Paris ni ngazi. Ngazi za kushuka, ngazi za kupanda, korido ndefu za kubadilisha treni, halafu ngazi tena. Ni laini ya 14 tu ndio stesheni zake zote zina lifti, zile laini za zamani sahau. Kwa mtu wa magoti na kwa mwenye kigari cha mtoto ni adhabu. Njia yenu iwe mabasi, mabasi yanashusha ubavu mnaingia bila kupanda kitu na bibi anaona mji badala ya kuona giza. RER, yaani treni zinazounganisha Paris na vitongoji vyake, ile ya laini A stesheni zake nyingi zina lifti, na hiyo ndio inakwenda Disneyland, kama dakika 40 kutoka katikati ya mji.

Louvre wanaazimisha wilicheya bure na Versailles pia wanazo, ulizeni mkiingia, na usimwache mama akasema "mimi naweza kutembea" kwa sababu ya aibu, mwambie mapema kwa heshima kwamba jengo ni kubwa mno hata vijana wanachoka. Pale Versailles nje kuna katreni kadogo kanazunguka bustani kanafika mpaka Trianon, yale makasri madogo ya ndani ya bustani, na kwenye ule mfereji mkubwa, mpandishe na mjukuu mdogo, wao wawili wafurahi wakati nyie mnapanga foleni ya ukumbi wa vioo. Na jioni moja mpande boti ya mto Seine, ni kama saa moja, kila mtu amekaa, Eiffel, Notre-Dame na Louvre vyote vinapita mbele ya macho yake. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku kwa hiyo hamna haraka. Mimi ningeweka boti siku ya pili tu ili mama ajue kabisa kwamba safari imepangwa na yeye ndani.

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha historia na nimewapeleka vijana sehemu nyingi za kale, naomba niseme neno kuhusu hiyo orodha ya binti. Orodha nzuri lakini yote ni ya kutazama. Kaka yake wa miaka 9 anahitaji historia ya kupanda, kuzunguka na kushika ukuta. Kwa hiyo ongezeni ngome ya Vincennes. Iko mwisho wa metro laini ya 1, ni ngome ya kweli ya karne ya 14, ina handaki la kuizunguka na mnara wa mita kama 50 ambao mfalme Charles wa Tano aliumalizia, baadaye ukawa gereza, mwandishi Diderot alifungwa humo mwaka 1749 kwa sababu ya maandishi yake. Hapo binti anapata wafalme na waandishi, kijana anapata ngazi za kuzunguka na madirisha ya kurushia mishale. Bibi asipande mnara, pembeni kabisa kuna Parc Floral, bustani tulivu yenye sehemu ya kuchezea watoto, anakaa na mdogo kwa raha zao.

Mkipata nguvu ya kutoka nje ya mji kidogo, Provins. Mji wa zama za kati wenye kuta zake, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, treni ya laini P kutoka Gare de l'Est inachukua saa moja na nusu hivi. Kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli wana maonyesho ya wapanda farasi na ya ndege wawindaji, tai na kozi wanapita juu ya vichwa. Huko ndiko historia na burudani vinakutana bila kulazimisha.

Kiguu na Njia

Mwalimu umenikumbusha Puy du Fou, ile paki ya historia isiyo na rola kosta hata moja, ni maonyesho tu, uwanja wa gladieta, Vikingi, ndege. Kwa familia hii naona ingefaa sana.

Mwalimu wa Zamu

Ingefaa kama wangekuwa na siku nyingi. Iko Vendée, magharibi, kwa gari kutoka Paris ni kama saa nne. Kwa wiki moja na bibi na mtoto wa miaka 4 mimi siwezi kumshauri mtu. Halafu wanahistoria wa Ufaransa wameikosoa kwa namna inavyosimulia mapinduzi na wafalme, kwa hiyo binti akienda siku nyingine aende akijua hivyo, onyesho ni zuri lakini lina upande wake.

Ua la Asubuhi

Kwa kijana kungoja mpaka Jumatatu ni mbali, wekeni Jardin d'Acclimatation Jumamosi au Jumapili jioni. Ni paki ndogo ya bembea na vitreni ndani ya Bois de Boulogne, imefunguliwa tangu 1860 enzi za Napoleon wa Tatu, wadogo wanaipenda.

Mwalimu wa Zamu

Ni kweli ni nzuri kwa wadogo. Ila kwa binti wa miaka 14 anayependa historia, msimfiche kilichotokea pale. Kuanzia 1877 bustani ileile ilikuwa inaonyesha watu kama wanyama, walianza na Wanubi kutoka Afrika na Wainuiti, watu wa Paris wakilipa kiingilio kuwatazama, na mwaka 1931 waliletwa Wakanaki kutoka New Caledonia. Sisemi msiende. Nendeni, watoto wacheze, na mama au baba ukae naye pembeni umweleze mtoto kwa maneno yako. Atazunguka Paris wiki nzima akiona dhahabu ya wafalme, ni haki yake ajue na hili, na akilisikia kwa mzazi wake ni tofauti kabisa na kulikuta peke yake mtandaoni.

Mama Watatu

Jamani nimesoma mpaka machozi yananilenga, hasa hapo kwa mama mkwe na hapo kwa mwalimu. Asanteni sana. Nimemsomea mume wangu hiyo ya siku za kufungwa akanyamaza kidogo halafu akasema basi Disneyland mwisho, kwa hiyo hilo limeisha. Puy du Fou tumeiacha. Provins binti ameing'ang'ania, baba yake anasema mji wote huu wa Paris bado tunatafuta mwingine, tutaona. Sasa malazi, hoteli moja au tuhame?

Mzee wa Bajeti

Watu sita msikae hoteli, mtalazimika vyumba viwili au vitatu. Tafuteni apatimenti hapo hapo Vincennes alipotaja mwalimu. Sababu ni kwamba RER A inasimama Vincennes, upande mmoja inaingia katikati ya Paris, upande mwingine tawi la Marne-la-Vallée linawafikisha Disneyland, na metro laini ya 1 nayo inaanzia hapo na inapita Louvre bila kubadilisha. Angalieni tu kwenye kibao cha treni imeandikwa Marne-la-Vallée Chessy maana tawi lingine linakwenda Boissy. Hamhami, mizigo haifunguliwi mara mbili, na mama ana kitanda chake kilekile wiki nzima. Kabla ya kulipa ulizeni kama jengo lina lifti na lifti inaanzia chini, majengo mengi ya zamani hayana.

Kiguu na Njia

Siku ya Versailles treni ni RER C na stesheni mnayoshukia ni Versailles Château Rive Gauche, stesheni zenye jina la Versailles ni zaidi ya moja na nyingine ziko mbali na kasri. Iweke Alhamisi au Ijumaa, asubuhi kabisa ndani ya kasri, mchana bustani. Wikiendi za msimu huo kuna chemchemi za muziki, zinapendeza ila watu ni wengi sana, na msimu huo bustani inaweza kuwa na tiketi yake hata siku za katikati ya wiki. Siku hiyo msiongeze kitu kingine hata kama mtarudi saa tisa.

Mama Watatu

Sawa, Versailles Ijumaa, Louvre Alhamisi mchana tu nusu siku, Vincennes Jumamosi. Swali la mwisho ni viza, watoto wanajaziwa pamoja na mimi au kila mtu yake?

Mzee wa Bajeti

Kila mtu fomu yake hata wa miaka 4. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15, ninyi pelekeni mapema kadiri mnavyoweza maana miadi ndio inayochelewesha. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12, chini ya 6 hakuna, kwa hiyo binti tena ni bei ya mkubwa na yeye atatoa alama za vidole, wadogo zake hapana. Bima ya safari iwe ya kugharamia angalau euro 30,000 kwa kila mmoja, na ya mama soma vizuri kama inakubali mtu wa umri wake na hayo magoti.

Mama Watatu

Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho naanza na bima ya mama, halafu nampima kadogo.