Tulipu ya karatasi moja bila gundi: kila nikipuliza linafumuka ubavuni

binti_wa_kwanza
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaojua origami (sanaa ya kukunja karatasi). Mama yangu anatimiza miaka 60 wiki ijayo na nataka nimpe maua ya karatasi niliyokunja mwenyewe, tulipu 12, kila ua litoke kwenye karatasi moja tu, bila gundi wala mkasi ukishapata mraba. Nimekata A4 nikapata mraba wa sm 21, nikakunja ile pembetatu ya kuanzia (mishazari miwili, geuza, kunja katikati, alafu unaisukuma ndani pande mbili), nikapandisha kona nne za chini mpaka kileleni nikapata umbo kama kishada cha kurusha angani, nikachomeka ubavu mmoja ndani ya mwenzake mbele na nyuma. Mpaka hapo naona sawa.

Shida inaanza kwenye kupuliza. Halijai, hewa inatoka katikati, ubavu unafumuka, na mara mbili kile kitundu cha chini kimechanika kabisa. Nimeshakunja saba na yote yamefanya hivo hivo. Nikilitazama kwa mbele kabla sijapuliza naona kama kuna ufa umenyooka toka chini mpaka juu, sijui ndo inatakiwa iwe hivo au vp. Nisaidieni jamani siku zinakwenda.

mkunja_karatasi
Dada huo ufa uliousema ndo jibu lenyewe, umejisaidia mwenyewe bila kujua. Kuna hatua umeiruka na wengi wanairuka maana kwenye picha inaonekana kama hakuna kilichofanyika.

Ukishapandisha kona nne kileleni, kila upande wa kishada unakuwa na kingo mbili za karatasi zimekutana katikati, hapo ndo ufa unatokea. Sasa kabla hujagusa ubavu wowote, shika jani la juu la kulia uliangushe kushoto kama unafungua ukurasa wa kitabu. Geuza kazi yako nyuma, fanya vile vile, kulia kwenda kushoto. Ukimaliza tazama tena, uso wa mbele utakuwa mtupu, laini, hauna ufa hata kidogo, na ufa wote umeingia ndani. Huo uso mtupu ndo unaokunjia mbavu zako. Wewe ulikuwa unachomeka mbavu juu ya ufa so ukipuliza hewa inapita kwenye ufa na kusukuma mbavu nje, lazima lifumuke.

Kingine, unapoleta zile mbavu mbili katikati usizikutanishe tu, kila moja ivuke mstari wa katikati kidogo, kama nusu sm kwa karatasi yako ya sm 21, alafu moja iingie ndani ya mfuko wa mwenzake. Isukume mpaka ikae, ila usipige ukucha kwa nguvu hapo. Mikunjo yote ya mwanzo piga ukucha sana, huu wa mwisho bana kwa vidole tu, ukiukaza sana ua linakataa kuwa duara linabaki bapa.

Alafu kitundu. Pale chini ndo kingo nne za karatasi zinakutana katikati ya pande zake, kwahiyo tundu lipo tayari hata kama hulioni, limebanwa tu. Ingiza ncha ya penseli uzungushe taratibu lipanuke ndo upulize. Na kausha midomo kwanza, karatasi ikishalowa pale inachanika hata ukipuliza kidogo. Puliza kwa pumzi fupi fupi huku umeshika mbavu kwa vidole viwili.

Kona4
Mkuu hapo juu amemaliza kuhusu ufa. Mi naongeza kuhusu mraba wenyewe maana nahisi na hapo kuna tatizo, kitundu kuchanika mara mbili sio kwa sababu ya mate tu.

A4 ni sm 21 kwa 29.7, ukikunja kona moja mpaka ukingo wa pili unabakiwa na kipande cha sm 8.7 cha kuondoa, sasa wengi wanakunja alafu wanachana kwa mkono na hapo wanapoteza milimita mbili tatu upande mmoja. Kwa macho huoni. Ila kwenye tulipu utaziona, kwa sababu zile kona nne zote zinaenda kukutana kileleni, moja ikiwa fupi inabaki chini, na chini nako kingo zile nne hazikutani sawasawa, tundu linakuwa limepinda upande mmoja. Ukipuliza nguvu yote inaenda kwenye upande mwembamba. Fanya hivi: kunja mshazari wa kwanza uangalie kona zinalaliana kabisa, fungua, kunja wa pili uangalie tena. Ikiwa hata mmoja una kona inayochungulia hiyo karatasi weka pembeni, usijidanganye kwamba itajirekebisha mbele ya safari, haijirekebishi. Kata kwa rula na wembe kuliko kuchana.

Na ningekushauri utafute karatasi nyembamba zaidi. A4 ya printa kwa kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, karatasi za origami huwa nyepesi kuliko hiyo na nyingi zinauzwa zimeshakatwa sm 15 kwa 15.

ua_la_asubuhi
Kona4 nakubaliana na wewe kuhusu mraba ila kwenye karatasi ya printa sikubaliani. Kwa tulipu hii ya kupuliza, kwa ukubwa wa sm 21, gramu 80 ni nzuri tena inasimama vizuri kuliko nyembamba, ukiliweka kwenye chombo halilegei. Shida ya gramu 80 inakuja ukishuka kwenye miraba ya sm 10 hivi, hapo matabaka yanabanana mkunjo unakataa kulala. So dada asibadilishe karatasi, abaki na hiyo hiyo aliyoizoea, muda wenyewe hana.

Ila binti_wa_kwanza nikupe wazo, usimpe mama tulipu tupu 12. Changanya na yungi (ua la lily), nayo inatoka kwenye mraba mmoja. Inaanza kinyume kidogo na tulipu, badala ya pembetatu unapata mraba mdogo wenye majani manne, mdomo wake ambao haujafungwa ndo kwenye kona za karatasi. Kila jani unalifungua na kulibonyeza mpaka lilale bapa, alafu unainua ukingo wake unakuwa kama mdomo wa ndege, mara nne, alafu unazipunguza pembeni ziwe nyembamba. Mwisho unazungushia kila petali kwenye penseli, unabana kwa dole gumba, unavuta penseli taratibu. Petali inabaki imejikunja nje yenyewe. Hapo ndo mi huwa napenda zaidi ya hatua zote, ile dakika kitu kilichokuwa bapa kama bahasha kinafunguka mkononi kinakuwa ua, nimekunja mengi sana na bado nafurahi kila mara.

Usishangae petali kuwa nne, mraba una kona nne ndo maana. Ua halisi la tulipu au la yungi lina petali sita, lakini mtu akiona umbo anajua tu ni nini.

Waridi usijaribu kwa sasa. Watu watakuletea lile la Toshikazu Kawasaki, yule mwanahisabati wa Japani, ni zuri mno na nalo ni la karatasi moja ila lina kusokota katikati ambako kunahitaji siku nyingi za mazoezi, wiki moja haitoshi.

mkunja_karatasi
Yungi ni wazo zuri. Ila yungi kwa gramu 80 pale chini kwenye shina panakuwa panene sana, hapo ndo atafute nyembamba kama Kona4 alivosema.

binti_wa_kwanza
Jamani!! Limejaa. Nimefungua ule ukurasa mbele na nyuma ufa ukapotea kabisa, nikachomeka, nikapanua tundu na penseli, nikapuliza mara tatu tu likavimba mkononi kama yai. Nimebandua petali nne moja moja kuja chini, zimekaa. Kona4 nimepima ile miraba yangu ya zamani, mitano kati ya saba ilikuwa haiko sawa, mmoja umezidi milimita nne upande mmoja. Asanteni sana.

Maswali mawili ya mwisho. Shina nalitengeneza vp bila gundi? Na kwa 12, nikunje moja mpaka mwisho ndo niende jingine au nikunje yote kwa pamoja hatua kwa hatua?

Kona4
Hongera dada. Mi naonaga bora hatua kwa hatua, mishazari ya karatasi zote 12 kwanza, alafu inayofuata, mkono unazoea na maua yanafanana.

mkunja_karatasi
Hapo mi napinga. Kunja matatu mpaka mwisho kwanza, maana ukikosea hatua moja ukiwa unafanya zote pamoja umekosea mara 12. Ukishaona matatu yako sawa, tisa yaliyobaki fanya alivosema Kona4.

Shina ni mraba mwingine wa kijani, ukubwa ule ule wa ua. Kunja mshazari ufungue upate mstari. Leta kingo mbili za kona moja mpaka kwenye mstari, umepata kishada. Zile kingo fupi za upande wa pili nazo zilete kwenye mstari, umbo litakuwa refu jembamba lenye ncha mbili. Kunja ncha moja ije juu ya nyingine, alafu kunja yote katikati kwa urefu. Sasa shika ile ncha ya nje uivute kidogo mbali na ya ndani, hiyo ya nje inakuwa jani na ya ndani inakuwa shina, na kwa chini inasimama yenyewe mezani. Chomeka ncha ya shina kwenye lile tundu ulilopulizia. Inaingia na kukaa, gundi ya nini.

ua_la_asubuhi
Ukichomeka shina shika ua kwa chini kwenye tundu, usilishike kwa juu utalibonyeza.

binti_wa_kwanza
Nimechomeka la kwanza, limesimama. Naenda kukata kijani zingine 11.