Vipuri vya amplifaya ya hedifoni: msambazaji rasmi, soko la mtandaoni, seti ya kujiundia au kung'oa bodi za zamani?

Volti9
Wakuu, naunda CMoy ya kawaida (amplifaya ndogo ya hedifoni ya kujiundia): betri moja ya 9V, chipu moja ya OPA2134, volyumu ya stereo ya 10k, hedifoni za ohm 32. Kati ya njia hizo nne, ipi inalipa, na wapi nisibane matumizi?

lehemu_safi
Usichague njia moja kwa orodha nzima. Chipu na volyumu chukua kwa msambazaji rasmi (Mouser, Digi-Key, Farnell, RS), maana hivyo ndivyo vinavyoghushiwa. Rezista za filamu ya chuma za 1% nunua popote, kisha zipime: ya 10k isomeke kati ya 9.9k na 10.1k. Kinachouma kwa wasambazaji ni usafirishaji, kwa hiyo agiza kwa mkupuo mmoja na uongeze chipu ya akiba.

Soma namba hadi herufi ya mwisho. OPA2134PA ni ya miguu mirefu, inaingia kwenye soketi ya pini nane. OPA2134UA ni ile ndogo ya kulehemu juu ya bodi. Bila adapta ni pambo.

kipima_mkondo
Soko la mtandaoni si haramu, ila ujue kupima. Jina juu ya chipu linakwanguliwa na kuchapwa jingine. Hedifoni zikiwa nje na taa ya LED imetolewa, weka mita ya mA kati ya betri na saketi. OPA2134 hula takriban 8 mA. Jumlisha 1 mA ya rezista mbili za 4.7k zinazogawa volti. Ukiona 4 mA hivi kwa jumla, inaelekea umeuziwa chipu nyingine, TL072, yenye jina la kuazima.

Tatizo ni kwamba chipu nyingine, NE5532, nayo hula karibu 8 mA. Hapo pima volti za DC kati ya graundi (katikati ya rezista hizo mbili, si hasi ya betri) na pini 3, halafu pini 5, yaani viingilio vya chipu. OPA2134 itaonyesha karibu sifuri. NE5532 inavuta takriban 200 nA kupitia rezista ya 100k, kwa hiyo utaona kama −20 mV. Zidisha kwa gaini (kiwango cha kukuza) ya 11 ya CMoy: 220 mV za DC zinaingia moja kwa moja kwenye hedifoni.

fundi_kimya
Mkuu, usiichafue NE5532. Ni nzuri, rahisi, na haina faida kwa mghushi. Kosa ni kuichomeka kwenye saketi ya chipu nyingine. Shusha 100k iwe 10k na gaini iwe 3, DC inabaki kama 6 mV. Ila kapasita ya kuingilia ya 0.1µF ukiiacha, besi itakatwa kuanzia 160 Hz, weka 2.2µF ya filamu, ikate kwenye 7 Hz. Na betri ziwe mbili: datashiti ya Texas Instruments inaanzia ±5V, betri moja inakupa ±4.5V tu.

Volti9
Basi nabaki na OPA2134. Volyumu feki naitambuaje?

lehemu_safi
Ipime kabla ya kulehemu. Volyumu ya ALPS RK27 inaghushiwa mno, na kwa macho hutajua. Zungusha hadi katikati, pima kutoka mguu wa graundi hadi mguu wa kati: 10k yenye alama A (ya logi, inayofaa sauti) isome takriban 1k hadi 1.5k. Ikisoma 5k, hiyo ni B (ya mstari), haifai kwa sauti. Kisha rudisha hadi upande mmoja usome 500Ω, uangalie wa pili. Ukisoma 630Ω, masikio yanatofautiana kwa 2 dB, na muziki utaegemea upande mmoja.

Kwa ohm 32, gaini ya 11 itakulazimisha uishi mwanzoni mwa volyumu, palepale pande mbili zinapotofautiana zaidi. Badilisha rezista ya 10k ya mrejesho iwe 2.2k, gaini ishuke hadi 3.2.

bodi_kongwe
Kung'oa: jeki, vishikio vya kuzungushia volyumu, boksi na kapasita za filamu, ndiyo. Kapasita za elektrolitiki, hapana. Maji yake hukauka na ukinzani wa ndani hupanda. Seti nazo zinafaa kwa bodi na boksi. Chipu yake ipimwe kama alivyosema kipima_mkondo, na elektrolitiki ya 220µF isome kati ya 176 na 264.

Volti9
Nikishalehemu, naanza na kipimo gani?

kipima_mkondo
DC kwenye jeki, kabla ya hedifoni: chini ya 20 mV kila upande. Namba ikirukaruka ukisogeza mkono, chipu inajitetemesha yenyewe. Weka kapasita ya seramiki ya 0.1µF aina ya X7R kutoka pini 8 hadi graundi na nyingine kutoka pini 4, miguu mifupi, isizidi milimita tano kutoka kwenye soketi.