Naomba ushauri: mlisho wa RSS umegoma kufunguka

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma. Nina tovuti ndogo ya bei za dagaa na mawese, wateja hupata bei mpya kwa RSS (mlisho unaopeleka mapya ya tovuti kwenye programu ya msomaji). Nikifungua mlisho kwenye Chrome naona mistari ya XML tu, yaani msimbo ghafi wa mlisho. Hilo sina shida nalo, hata Firefox iliacha kuonyesha milisho tangu 2018. Kinachoniumiza kichwa ni programu ya kusomea milisho kwenye simu: tangu juzi inagoma, inasema kosa liko mstari wa 14. Nimeuchungulia, una kichwa nilichoandika kwa mkono wangu: "Dagaa & mawese". Je, hiyo alama ya & ndiyo mchawi? Niweke "na", au ina namna yake ya kuandikwa? Kashe (data za muda za programu) nimeshafuta mara tatu, wapi!